SOMO LETU: FARASI MALISHONI WAKATI WA BARIDI



Somo la safari hii limetokana na mazungumzo yetu na wenzetu waliotoka Kongo, Burundi na Uganda, ambao leo wanapata riziki yao katika mazizi ya farasi huko Uingereza. Wengi wao walikua pamoja na ng'ombe na mbuzi. Walijua kiangazi ni nini na masika ni nini. Lakini hawakuwahi kuona majira ambayo nyasi ni za kijani ilhali hazioti, na maji yamejaa horini ilhali hayanyweki. Hayo ndiyo majira ya baridi ya kaskazini, kuanzia Novemba hadi Machi.

Mmoja wao alifukuzwa kazi katika majira hayo. Mwezi wa Januari farasi jike mmoja aliyekuwa chini ya uangalizi wake alishikwa na msokoto wa tumbo, akagaragara usiku kucha, na asubuhi daktari wa mifugo akashindwa kumwokoa. Maji ya malishoni yalikuwa yameganda tangu juzi yake. Mwajiri alisema saisi hakuvunja barafu. Saisi alisema alivunja asubuhi, ila jioni giza lilimkuta bado yuko kwenye mabanda mengine, na kwamba alikwisha omba mara mbili bomba litengenezwe. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha maneno yake. Zizi hilo hatulitaji, wala hatusemi nani alikuwa na haki. Tunasema tu kwamba farasi alikufa, mtu akakosa kazi, na yote mawili yangeweza kuzuilika. Kwa hiyo tumeandika somo hili. Lisomwe katika vikundi vya tawi, kifungu kwa kifungu, na mwenye ujuzi zaidi aongeze.

1. Kwa nini farasi atolewe nje

Anayeanza kazi hii hudhani kwamba baridi ikiwa kali ni huruma kumfungia farasi bandani. Sivyo. Farasi ni mnyama wa kutembea na kula kidogo kidogo muda mrefu wa mchana na usiku. Tumbo lake ni dogo kwa kulinganisha na mwili wake, na utumbo wake mpana ni mkubwa sana. Chakula kinapaswa kupita humo bila kukatika. Akisimama bandani siku nzima utumbo huwa mzito na hatari ya msokoto huongezeka. Vumbi la nyasi kavu na la matandiko humletea kikohozi. Miguu huvimba. Tena huanza tabia mbaya za upweke, kama vile kuuma mbao na kuvuta hewa, au kuyumbayumba mlangoni kutwa.

Na kwa saisi pia kuna faida. Farasi aliye nje kwa saa 6 huacha samadi yake nje kwa saa 6. Kadiri anavyofungiwa zaidi, ndivyo matoroli ya samadi yanavyozidi, na ndivyo anavyotoka na nguvu nyingi za kurukaruka siku anapofunguliwa. Kutoa farasi nje kila siku ni kazi inayopunguza kazi.

2. Nyasi za majira ya baridi

Nyasi za Uingereza huacha kuota pale joto la udongo linaposhuka chini ya nyuzi 5 au 6 za sentigredi. Basi kuanzia mwisho wa Novemba malisho huwa kama ghala lisiloletewa mzigo mpya: kila kinacholiwa hakirudi mpaka machipuo. Rangi ya kijani isikudanganye. Nyasi hizo zina maji mengi na nguvu kidogo.

Kanuni ya kwanza ni kutoruhusu nyasi ziliwe mpaka udongoni. Urefu wa sentimita 5 ndio mwisho. Chini ya hapo mzizi hudhoofu, na farasi huanza kumeza mchanga na udongo pamoja na majani.

Kanuni ya pili ni eneo. Washauri wa farasi wa Uingereza huhesabu kati ya ekari 1 na ekari 1 na nusu kwa kila farasi, kama malisho yanatunzwa vizuri. Eneo likiwa dogo kuliko hilo, basi hayo si malisho ya kumlisha. Ni uwanja wa kunyosha miguu, na chakula chote hapana budi kitoke ghalani.

Kanuni ya tatu ni sakitu. Usiku ukiwa na sakitu na asubuhi kukawa na jua kali, jani hutengeneza sukari lakini halina joto la kuitumia kwa kukua. Sukari hiyo hubaki ndani ya jani. Farasi wengi hawadhuriki nayo, lakini farasi wadogo wa aina ya poni, wanene, au waliokwisha kuugua uvimbe wa ndani ya kwato, wanaweza kuugua tena kwa malisho ya asubuhi moja. Hao wawekwe kwenye uwanja usio na majani, wapewe nyasi kavu.

3. Hesabu ya nyasi kavu

Kazi hii haitaki kukisia, inataka hesabu. Farasi huhitaji kwa siku chakula kikavu kisichopungua sehemu moja na nusu kwa mia ya uzito wake, na wakati wa baridi sehemu mbili kwa mia ni kipimo kizuri. Tuchukue mfano wa farasi wa kilo 500:

Kilo 500 mara 2 gawanya kwa 100, ni kilo 10 za chakula kikavu.

Nyasi kavu za kawaida zina unyevu kidogo. Katika kila kilo 100, kilo 85 hivi ndizo chakula kikavu. Kwa hiyo kilo 10 zinahitaji nyasi kavu za kilo 12 hivi kwa siku. Kwa siku 120, kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Machi, farasi mmoja atakula kilo 1,440. Farasi watatu watakula kilo 4,320, yaani zaidi ya tani nne.

Saisi anayejua hesabu hii anaweza kuingia ghalani mwezi wa Oktoba, akahesabu marobota, akapima robota moja kwa mizani, na kumwambia mwajiri wazi: «Chakula kilichopo kitatufikisha katikati ya Februari.» Maneno hayo yakisemwa Oktoba ni ushauri. Yakisemwa Februari ni lawama, na lawama humwangukia aliye chini.

Malishoni, nyasi kavu zisiwekwe rundo moja. Ziwekwe marundo mengi kuliko idadi ya farasi: farasi watatu, marundo manne au matano, yakiwa mbalimbali. Farasi mkubwa akimfukuza mnyonge, mnyonge atapata rundo lingine bila kupigwa teke. Mahali pa marundo pahamishwe kila siku ili ardhi isichimbike.

Nyasi kavu zichunguzwe kabla ya kulishwa. Zenye ukungu, vumbi au harufu ya kuoza zitupwe. Aidha kuna gugu la maua ya njano liitwalo ragiwoti, lenye sumu inayoharibu ini polepole. Likiwa bichi farasi wengi huliacha kwa sababu ni chungu, lakini likikauka ndani ya nyasi hawalitambui tena, na sumu yake haipungui. Saisi aling'oe akiwa amevaa glavu.

Na badiliko lolote la chakula lifanywe taratibu, kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kutoka malisho kwenda nyasi kavu kwa siku moja ni kuutafuta msokoto wa tumbo.

4. Maji

Farasi mkubwa hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku. Anapokula majani mabichi hupata maji mengi humo humo. Anapobadilishiwa nyasi kavu anahitaji kunywa zaidi, na wakati huo huo maji huwa ya baridi kiasi cha kumkatisha tamaa. Hapo ndipo hatari ilipo: chakula kikavu kingi, maji kidogo, utumbo unaziba. Farasi yule tuliyemtaja hapo juu huenda alikufa kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo barafu ivunjwe angalau mara mbili kwa siku, na siku za baridi kali mara tatu. Vipande vitolewe nje ya hori, visiachwe vikielea, maana vitaungana tena upesi. Bomba lifungwe magunia au sponji kabla ya Desemba. Kama bomba limeganda, maji yabebwe kwa ndoo, na hapo hesabu inahitajika tena: farasi watatu ni lita 75 hadi 150, na ndoo moja ni lita 10 au 15. Kazi hiyo ina saa zake. Iandikwe katika zamu, isidhaniwe kwamba itafanyika yenyewe. Na wala theluji si badala ya maji.

5. Matope

Mvua za Uingereza wakati wa baridi hazinyeshi kwa kishindo kama zetu, lakini hazikauki. Udongo hushiba maji. Farasi wa kilo 500 mwenye viatu vya chuma akipita hapo, kwato zake huvunja mzizi wa nyasi na kushindilia udongo hata hewa isiingie. Ikifika machipuo, pale penye nyasi pamekuwa pa magugu.

Dawa ni kukubali hasara ndogo ili kuepuka kubwa. Tuseme tuna ekari 4 na farasi watatu. Ekari moja iliyo juu, yenye udongo usiotuamisha maji na iliyo karibu na mabanda, iteuliwe kuwa uwanja wa baridi. Hapo farasi wataharibu, na sisi tumekubali. Ekari tatu zilizobaki zipumzishwe kuanzia pale mvua zinapozidi, ziwe tayari kwa machipuo. Mwezi wa Aprili uwanja ule utasawazishwa na kupandwa mbegu upya. Anayewaachia farasi wote ekari zote nne huharibu zote nne.

Langoni na kuzunguka hori ndiko matope huanza. Pawekwe mawe yaliyopondwa, au vipande vya mbao, mapema wakati wa kiangazi. Kama mwajiri ana malango mawili, yatumike kwa zamu. Samadi iokotwe malishoni angalau mara mbili kwa wiki, kwa maana mayai ya minyoo hutoka humo. Wako minyoo wadogo wekundu ambao hujificha ndani ya ukuta wa utumbo wakati wa baridi na kutoka kwa wingi mwishoni mwa baridi, wakileta kuhara kukali. Dawa yao itolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo, si kwa mazoea, kwa sababu minyoo wa siku hizi wamezoea dawa nyingi.

6. Baridi, mvua na blanketi

Farasi mzima aliyeota manyoya yake ya baridi, aliyeshiba na aliye mkavu, hustahimili hata baridi iliyo chini ya sifuri. Nyasi kavu zinapochachuka ndani ya utumbo wake mpana hutoa joto. Kwa hiyo usiku wa baridi kali moto wake ni nyasi kavu, wala si debe la nafaka. Kinachomshinda ni mvua na upepo kwa pamoja, kwani manyoya yakilala kwa maji hayazuii tena joto. Basi malishoni pawepo kibanda cha pande tatu, au ua mnene wa miti wa kujikinga na upepo.

Farasi aliyenyolewa kwa ajili ya kazi, aliyekonda, au mzee, anahitaji blanketi lisilopitisha maji. Lakini blanketi ni mtego kwa saisi mvivu, kwa kuwa huficha mwili. Livuliwe kila siku. Angalia kama limechubua mabega na kifua. Kisha pitisha kiganja juu ya mbavu, usiamini macho, kwa maana manyoya marefu humfanya aliyekonda aonekane mnene. Mbavu zihisiwe chini ya kiganja bila kubonyeza sana. Zikichoma kiganja, aongezewe chakula. Zisipohisiwa kabisa, apunguziwe.

7. Ugonjwa wenye jina la Kongo

Miguu inayokaa matopeni hupata magamba, vidonda na uvimbe chini ya kifundo. Mgongo unaokaa na mvua hupata magamba ya namna hiyo, na manyoya hung'oka kwa vifungu kama brashi. Mara nyingi mdudu wake ni bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis. Wenzetu wa Kongo wataliona jina la nchi yao hapo, na si kwa bahati: bakteria huyo alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915, na Van Saceghem, kwa ng'ombe wa Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Wafugaji wetu wanaujua ugonjwa huo kwa ng'ombe wao wakati wa mvua. Kwa hiyo mfugaji wa Kivu aliyeko Uingereza si mgeni kabisa katika jambo hili, na asione haya kusema anachokijua.

Bakteria huyo huamshwa na unyevu na kuingia penye ngozi iliyolainika au iliyochubuka. Kinga yake ni ukavu. Kuosha miguu kila jioni bila kuikausha ni kumlisha mdudu. Afadhali kuyaacha matope yakauke, kisha kuyapiga brashi. Kama ni lazima kuosha, ikaushwe kwa taulo safi mpaka kati ya manyoya. Magamba magumu yasibanduliwe kwa nguvu, yalainishwe kwanza. Mguu ukivimba au farasi akichechemea, aitwe daktari.

Hatari nyingine ni mti wa saikamo. Angalia sana: huu si mkuyu wetu, ingawa majina yao huchanganywa. Mbegu zake zina bawa, na huanguka zikizunguka wakati wa vuli. Miche yake huota wakati wa machipuo. Mbegu na miche ina sumu inayovunja misuli, hasa pale nyasi zinapokuwa chache. Farasi huwa mzito ghafla, hutetemeka, hutoka jasho, na mkojo wake huwa mweusi kama kahawa. Wengi wa wanaougua hufa, na mara nyingi ndani ya siku tatu. Uzio uwekwe mbali na mti, na daktari aitwe dakika ile ile.

8. Usalama wa saisi

Katikati ya Desemba mchana wa London hauzidi saa nane. Maana yake ni kwamba farasi hutolewa gizani na kurudishwa gizani, juu ya barafu. Yafuatayo yafuatwe bila kujali haraka:

(a) Vaa kofia ngumu, glavu, na viatu vyenye chuma kidoleni.

(b) Usizungushe kamba mkononi hata mara moja. Farasi akishtuka, kamba iliyozungushwa huondoka na vidole.

(c) Tembea sambamba na bega lake, si mbele yake.

(d) Fungua lango wazi kabisa. Mwingize, mgeuze kichwa kielekee langoni, funga lango, ndipo umfungue, nawe urudi nyuma hatua mbili. Wengi waliopigwa mateke walifungua kamba huku farasi akitazama wenzake.

(e) Kama ni farasi wawili na watu wawili, wafunguliwe kwa wakati mmoja.

(f) Njia yenye barafu imwagiwe mchanga au chumvi kabla, si baada ya mtu kuanguka.

Mambo haya hatuyaombi kama hisani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 kuhusu afya na usalama kazini inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake kadiri inavyowezekana, na kanuni za mwaka 1977 zinakiruhusu chama kinachotambuliwa na mwajiri kuteua wajumbe wa usalama. Tena sheria ya mwaka 2006 ya England na Wales inamdai kila anayewajibika na mnyama ampatie mahitaji yake. Kwa hiyo saisi anayedai bomba litengenezwe anamtetea farasi na kujitetea mwenyewe kwa neno moja.

Wala si jambo geni kwa masaisi kusimama pamoja. Mwaka 1975 masaisi wa Newmarket, mji mkuu wa mashindano ya farasi wa Uingereza, waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Walikuwa watu waliozoea kuambiwa kwamba kumpenda farasi ni sehemu ya malipo. Walijibu kwamba mapenzi hayalipi kodi ya nyumba.

9. Daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi ni hivyo hivyo. Kila saisi awe na daftari dogo la mfukoni, na kila jioni aandike mistari mitano: tarehe na hali ya hewa, saa farasi walipotoka na kurudi, barafu ilivunjwa saa ngapi, nyasi kavu kilo ngapi, na jambo lolote aliloomba, kwa nani, na jibu lake. Ombi kubwa liandikwe mara mbili, nakala moja kwa mwajiri na nyingine ibaki.

Yule mwenzetu aliyefukuzwa amepata kazi kwenye zizi lingine. Anatuambia kwamba daftari lake la kwanza limejaa, na kwamba msimamizi wake wa sasa huja kulisoma kila Jumatatu ili kujua chakula kimebaki kiasi gani. Kumbe daftari lililoanzishwa kwa hofu limekuwa chombo cha kazi.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Farasi wawili wa kilo 450 watahitaji nyasi kavu kilo ngapi kwa siku 120? Fanyeni hesabu hatua kwa hatua.

2. Mwajiri ana ekari 2 na farasi wanne. Mtamshauri nini kabla ya Novemba?

3. Katika nchi zetu hakuna barafu malishoni, lakini kuna kiangazi. Ni yapi katika somo hili yanayofaa kwa punda na ng'ombe wetu wakati majani yamekwisha?

4. Mwanachama mgeni hajui kusoma lugha ya mwajiri wake. Tawi litamsaidiaje kutunza daftari na kupeleka ombi la maandishi?

Majibu na mazoea yenu yaleteni kwenye mkutano wa tawi. Anayejua amfundishe asiyejua, na baridi ijayo itukute tumejiandaa.